Ufuta wa Ruangwa: Chakula au Mali?

Tuseme mkulima wa Mbekenyera, wilayani Ruangwa, amevuna kilo 800 za ufuta. Alikata mashina kabla mbegu hazijapukutika, akayafunga matita na kuyasimamisha yakauke, kisha akayakung'uta juu ya turubai, akapepeta, akashona magunia. Kesho mzigo unakwenda ghala la chama cha msingi kusubiri mnada. Jirani yake naye amevuna kilo 800, ila za mahindi, na hizo haziendi popote. Zitaliwa nyumbani mpaka msimu ujao. Wote wawili ni Waislamu, na wote wamelima kwa mvua, bila mfereji wala pampu. Ni yupi kati yao anayedaiwa zaka ya mazao?

Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu walio wengi wa mwambao na wa bara la kusini, jibu linajulikana. Mwenye mahindi amevuka kiwango cha pishi 300, ambacho wanazuoni wa siku hizi wanakikadiria kuwa kilo 650 hivi, kwa hiyo anatoa sehemu moja ya kumi, yaani kilo 80, kwa mafukara na wengine wanaostahiki. Mwenye ufuta hatoi kitu siku ya mavuno. Ufuta hauhesabiwi kuwa chakula cha kumshibisha mtu akaishi nacho, na zaka ya mazao imefungwa kwenye vyakula vya namna hiyo peke yake. Akishauza, fedha zake zinaingia katika zaka ya fedha, iwapo zitafikia thamani ya gramu 85 za dhahabu na kukaa mwaka mzima. Fedha za ufuta wa mkulima mdogo hazikai mwaka. Kabla mvua za Desemba hazijaanza zimeshageuka bati, ada ya shule na viroba vya unga.

Katika misimu ya karibuni mnada umewahi kufikisha kilo moja ya ufuta zaidi ya shilingi 3,000, bei ambayo mahindi hayaisogelei. Aliyevuna cha thamani ndogo anadaiwa, na aliyevuna cha thamani kubwa hadaiwi. Hapo ndipo suala linapotoka msikitini na kuwa la kila mtu, pamoja na Wakristo wa Mnero na Nyangao na yule asiye na dini. Zao lenye mafuta ndani yake ni chakula au ni mali? Kama ni mali, mwenye nalo analifanyia atakavyo. Kama ni chakula, basi kabla halijafika kwenye mizani kuna watu wana haki ndani yake.

Imam Shafi alisoma Madina kwa Imam Malik, aliyefariki mwaka 795. Katika suala hili mwanafunzi hakumfuata mwalimu. Katika al-Muwatta, Malik anapotaja nafaka na mbegu zinazotolewa zaka, ngano, shayiri, mtama, mchele, dengu na nyinginezo, anautia na ufuta katika orodha hiyo, na sababu anayoitoa ni kwamba vitu hivi vinaliwa. Abu Hanifa wa mji wa Kufa alikwenda mbali zaidi, akasema karibu kila kinachooteshwa na ardhi kina sehemu ya kutolewa, kiwe kingi au kidogo. Zama hizi Sheikh Yusuf al-Qaradawi, katika kitabu chake kikubwa juu ya zaka, aliona rai ya Abu Hanifa juu ya aina za mazao ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa kuwa haiingii akilini mkulima wa shayiri alipe na mwenye bustani kubwa ya matunda ya biashara asilipe.

Tofauti hii si ya kupuuzwa kama mabishano ya wasomi. Kila imamu alikuwa anatafuta mahali pa kuchora mstari kati ya kile ambacho jamii haiwezi kukikosa na kile ambacho mtu anajipatia kwa faida yake. Anayesoma hoja zao akiwa Nachingwea anaona jambo moja likijirudia: mafuta yanaangukia kwenye mstari wenyewe.

Mfano mwingine uko katika suala la kuficha bidhaa ili bei ipande. Sahih Muslim ina hadithi inayomhesabu mfichaji kuwa mkosaji. Said bin al-Musayyib, mmoja wa walioipokea, aliulizwa mbona naye anahodhi bidhaa, akajibu kwamba hata Ma'mar, aliyemsimulia hadithi hiyo, alikuwa akihodhi. Wafafanuzi, Imam Nawawi akiwamo, wanaeleza kwamba walichokuwa wakihodhi watu hao wawili ni mafuta, na kwamba waliielewa hadithi kuwa inahusu chakula ambacho watu wanakihitaji wakati wa shida. Watu wachamungu wa Madina, wenye tende na shayiri, waliona mafuta yanaweza kusubiri. Mama wa Ruponda anayepika kisamvu chukuchuku kwa sababu mafuta ya kupima yamepanda dukani angelitazama jambo hili kwa jicho jingine.

Kusini mwa Tanzania kumejua kwa muda mrefu kulima mafuta ya watu wengine. Katikati ya karne ya 19 ufuta wa mwambao wa Afrika Mashariki ulisafirishwa hadi Marseille, Ufaransa, ukakamuliwa huko kwa ajili ya mafuta na sabuni. Likafuata zao ambalo hata mkulima hakuweza kulila akitaka: pamba ya amri ya Wajerumani, ambayo watu wa Umatumbi waliing'oa mwezi Julai 1905 na kuwasha Vita vya Maji Maji. Moto wa vita hivyo ulifika Liwale, Nyangao na Lukuledi, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Watu hawa waliingia vitani wakiwa wamesukumwa hadi ukutani na shamba la lazima ambalo mavuno yake hayakuingia chunguni.

Kisha ikaja karanga. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa bado inagawa siagi na mafuta kwa kadi. Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company iliyokuwa chini ya Unilever, alipeleka wazo serikalini kwamba Tanganyika ina ardhi tupu ya kutosha kulimwa karanga za kumaliza uhaba huo. John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, aliongoza ujumbe wa kuikagua ardhi, na ripoti yake ikapendekeza mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, jumla ekari 3,210,000, katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Zaidi ya nusu yalipangwa kusini, na Nachingwea ndiyo iliyochaguliwa kuwa kitovu chake. Bajeti ilikuwa pauni milioni 25 hivi. Mpango ulipofutwa Januari 1951, pauni kama milioni 36 zilikuwa zimekwisha potea.

Sababu za kushindwa zimeandikwa sana: udongo wa Kongwa unaogeuka kama tofali mvua zikikata, miti ambayo mizizi yake ilivunja matrekta, vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki, ukame, haraka ya wanasiasa. Nachingwea ilicheleweshwa pia na njia. Ilibidi reli ijengwe kutoka Mkwaya karibu na Lindi, na bandari ya kina kirefu Mtwara, ambayo ilifunguliwa 1954 wakati mpango wenyewe umeshakufa. Reli iling'olewa miaka ya 1960. Sehemu ya mashamba, hasa Farm 17, ikawa kambi ya wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji.

Kosa lililotangulia hayo yote linazungumzwa kidogo zaidi. Waliopanga walihesabu karanga kwa tani na ardhi kwa ekari, wakamhesabu Mmwera na Mmakua kama kibarua. Hakuna mahali katika hesabu zile palipokuwa na chungu cha mwenyeji. Ardhi iliyoitwa tupu ilikuwa na watu wanaohamahama kwa kilimo cha kupumzisha udongo, wanaowinda, wanaochimba ming'oko wakati wa njaa. Walikuwa wakilima karanga na ufuta kwa mikono yao kabla Samuel hajaruka kwa ndege juu ya nyika ile, na walijua kwamba mazao hayo yanakwenda wapi kwanza. Mboga iliyoungwa kwa karanga au ufuta uliotwangwa ndiyo inayomkuza mtoto anayeacha ziwa.

Lawama kwa Waingereza wa 1946 ni rahisi. Ugumu unaanza pale mkulima huru wa leo, asiye na bwana shamba wa kikoloni juu yake, anapofanya kwa hiari yake jambo linalofanana. Mkoa wa Lindi umekuwa kinara wa ufuta nchini, na Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa ufuta Afrika. Karibu wote unasafirishwa ukiwa mbegu, kwenda China, Japani, India na kwingineko. Watafiti wa kituo cha Naliendele, Mtwara, wametoa aina kama Ziada 94, Lindi 2002 na Mtwara 2009, na kazi hiyo imeelekezwa kwenye mbegu nyeupe ambazo soko linazipenda. Mwaka 2009 walitoa pia aina mpya za karanga, mojawapo wakaipa jina la Nachingwea, heshima njema kwa mji ambao karanga iliuzaa na kuuacha.

Wakati huohuo duka la kijiji linauza mafuta ya mawese yaliyotoka Malaysia na Indonesia. Takwimu za serikali za mwaka 2020 na 2021 zilitaja mahitaji ya mafuta ya kula nchini kuwa tani 570,000 kwa mwaka na uzalishaji wa ndani tani 205,000. Singida na Dodoma wanajaza sehemu ya pengo hilo kwa alizeti, kwa sababu alizeti inakamuliwa hukohuko na mashudu yanabaki kwa kuku na ng'ombe. Kigoma imepewa jukumu la michikichi tangu kampeni iliyoanzishwa mwaka 2018 na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, ambaye alikuwa pia mbunge wa Ruangwa. Uganda nayo ilikwenda kupanda michikichi katika kisiwa cha Bugala, Kalangala, ikalipia kwa kukata msitu. Katika ramani hiyo, kusini mwa Tanzania ndiko kwenye mbegu yenye mafuta karibu nusu ya uzito wake, na ndiko kusikokamua.

Watu wanaokuja na semina huwaambia wakulima kwamba ni ujinga kuuza ufuta na kununua mawese. Hesabu inawakatalia. Mashine ndogo ya kukamua inahitaji kama kilo mbili na nusu za ufuta kutoa lita moja. Kilo ikiwa shilingi 3,000, mbegu peke yake ni shilingi 7,500, kabla ya umeme, chupa na kibarua. Lita ya mawese dukani ni nafuu kuliko hapo. Mkulima anayeuza ufuta na kununua mawese anabaki na chenji mkononi, na chenji hiyo ni daftari la mtoto. Anayemhukumu angepaswa kwanza kupiga hesabu hiyo akiwa na watoto wake mwenyewe akilini.

Kwa hiyo kama kuna kosa, halipo katika kuuza. Lipo katika kuuza kiasi cha kutobakiza uwezo wa kukataa. Aprili 2022, miezi miwili baada ya vita kuanza Ukraine na alizeti ya Bahari Nyeusi kukwama, Indonesia ilizuia usafirishaji wa mawese. Zuio lilidumu chini ya mwezi mmoja, toka tarehe 28 Aprili hadi 23 Mei, lakini bei ya mafuta ya kupikia, iliyokuwa imeshapanda, iliumiza kila jiko la Afrika Mashariki. Katika vijiji vya Nachingwea ufuta ulikuwa unakaribia kukatwa. Wenye mafuta shambani walikosa mafuta jikoni, kwa uamuzi uliotolewa Jakarta kwa ajili ya Waindonesia. Amartya Sen alionyesha mwaka 1981, kwa mfano wa njaa ya Bengal ya 1943, kwamba watu hufa njaa chakula kikiwapo, kwa kuwa njia yao ya kukifikia imekatika. Lindi haikufa njaa mwaka 2022. Lakini ilionekana wazi njia ya mafuta inapita wapi, na nani ameshika komeo.

Upande wa pili wa soko una uzito wa kimaadili unaotajwa mara chache. Miongoni mwa wauzaji wengine wakubwa wa ufuta duniani ni Sudan na Ethiopia. Humera, eneo maarufu la ufuta wa Ethiopia, lilikumbwa na vita vya Tigray mwishoni mwa 2020, na Sudan ikaingia vitani Aprili 2023. Mnunuzi anayekosa mzigo huko hutafuta kwingine. Shangwe ya mnada mzuri wa Ruangwa huenda ina ndani yake shamba la Msudani lililoachwa bila mwenyewe. Mkulima wa Ruangwa hana hatia katika hilo. Ila anayemshukuru Mungu kwa bei nzuri, na kushukuru ni haki yake, ana sababu ya kumwombea yule aliyeshindwa kuvuna.

Masuala ya bei yana mafundisho marefu katika dini zote mbili zilizoota mizizi kusini. Mtume Muhammad aliombwa apange bei wakati wa ughali Madina, akakataa, akarudisha jambo hilo kwa Mungu, asije akakutana Naye akiwa amemdhulumu mtu. Hata hivyo alikataza watu kutoka nje ya mji kuilaki misafara na kununua mzigo kabla mwenye mali hajafika sokoni akajua bei. Anayejua kilichotokea kwa korosho chini ya kangomba, na kwa ufuta chini ya wanunuzi wa chomachoma, anaelewa mara moja katazo hilo linamlinda nani. Katika biashara hizo mnunuzi anamfuata mkulima shambani, na mizani yake mwenyewe au bila mizani kabisa, kabla bei ya mnada haijatangazwa.

Kwa jicho hilo mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, una msingi unaoweza kutetewa kidini. Mzigo unafika ghalani, unapimwa, mkulima anapewa hati, na wanunuzi wanashindana mbele ya watu. Siku hizi minada imehamia kwenye mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, na chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ndicho kinachokusanya mzigo wa vyama vya msingi. Bei haijapangwa na mtawala na msafara haujalakiwa njiani. Wakulima wana malalamiko yao, na ni ya haki: malipo yanayochelewa, makato yenye majina mengi. Mfumo unaomzuia mtu kuuza kwingine unabeba deni la kumlipa kwa wakati.

Lakini chomachoma haianzi Mei. Inaanza Januari na Februari, ghala la nyumbani likiwa limekauka na mahindi mapya bado hayajakomaa. Mwenye fedha anampa mkulima shilingi chache leo, na ufuta utalipwa msimu. Ni rahisi kusema ni haramu. Sheria ya Kiislamu inaruhusu kulipia mazao kabla hayajavunwa, katika mkataba wa salam ambao watu wa Madina waliutumia kwa tende, kwa sababu mkulima anahitaji fedha kabla ya mavuno. Masharti yake ndiyo yanayotenganisha msaada na unyonyaji. Bei yote ilipwe papo hapo, kipimo kijulikane, muda ujulikane, na mzigo usifungwe kwenye shamba fulani ambalo linaweza kukosa mvua. Anayesema "nipe ufuta wote wa ekari yako ile ya bondeni" amekwishavunja masharti, kwa kuwa amemtwisha mkulima kiasi kisichojulikana, na amekitwaa kwa bei ambayo ni njaa pekee iliyoikubali.

Wakristo wa wilaya hizi wana kisa chao cha mafuta. Mjane mwenye deni, ambaye mdai alitaka kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa, alimwendea nabii Elisha akiwa na chupa moja tu ya mafuta nyumbani. Mafuta yalijaza vyombo vyote alivyoazima kwa majirani. Agizo la nabii lilikuwa na mpangilio: auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Qurani, katika sura ya al-An'am, inapotaja mitende, mazao, mizeituni na makomamanga, inawaambia watu wale matunda yake yanapozaa, na watoe haki yake siku ya kuyavuna. Kula kumetajwa mbele ya kutoa. Kitabu kimoja kinazungumza na mtu aliyekwisha banwa na deni, kingine na mtu aliye huru kusimama katikati ya shamba lake. Mkulima wa Nachingwea anaishi katika mpangilio wa mjane: deni la pembejeo kwanza, la dukani pili, na kilichobaki ndiyo nyumba. Haki yake ni kuishi katika ule wa al-An'am, ambao nyumba inakula kabla dunia haijaletewa.

Kwenye sherehe za mavuno makanisani, waumini huleta mahindi, kuku, mbaazi na mabakuli ya ufuta mbele ya altare, na baada ya ibada vitu hivyo hupigwa mnada. Fedha zinakwenda kwenye kazi za kanisa. Ni desturi njema, ila kwa ufuta inafanya lilelile ambalo soko linafanya. Sheria ya Musa iliamuru pembe za shamba zisivunwe na masazo yasiokotwe, yabaki kwa maskini na mgeni, na Ruthu Mmoabi aliishi kwa sheria hiyo. Masazo yale hayakuuzwa ili maskini wapewe fedha. Yalibaki chakula, shambani, mahali ambapo mwenye njaa angeyafikia bila kumwomba mtu.

Hapa ndipo rai ya Malik inapofaa kuchukuliwa kwa uzito na masheikh wa Ruangwa na Nachingwea, hata wakibaki Mashafi katika mengine yote. Al-Mudawwana, kitabu kilichokusanya majibu ya Malik, kina suala linalofanana mno na la kwao. Malik anasema ufuta ukikamuliwa, zaka yake inatolewa katika mafuta, mradi mbegu zimefikia kiwango. Kisha anawataja watu ambao desturi yao si kukamua bali kuuza mbegu, na anatumaini kwamba kutoa katika mbegu kutawatosha. Miaka 1,200 iliyopita mtu wa Madina aliona uwezekano wa wilaya inayolima ufuta na isiyokamua. Hakuwatoa watu hao katika wajibu kwa sababu tu mzigo wao unaliwa mbali.

Kipimo cha Imam Shafi nacho hakipaswi kutupwa. Anauliza mwili wa mtu unasimama kwa kitu gani. Zamani jibu lilikuwa mtama na mahindi ya shamba lake mwenyewe. Leo nyumba nyingi za Ruangwa zinanunua sehemu ya unga wao kwa fedha za ufuta, kwa hiyo ufuta ndio unaosimamisha mwili, ingawa hauingii mdomoni. Kwa kipimo hicho hicho, kilichopimwa kwa maisha ya sasa, ni vigumu kuuweka ufuta nje ya chakula. Hii ni rai ya mwandishi, na kutoa fatwa ni kazi ya wenye elimu hiyo. Ila inafaa waulizwe, na wajibu hadharani, kabla ya msimu.

Tija ya kuutolea ufuta zaka inaweza kuhesabika. Yule mkulima wa Mbekenyera mwenye kilo 800 angetoa kilo 80. Kwa fedha ni karibu shilingi 240,000, ambazo zingegawanywa na kuisha. Zikikamuliwa ni lita kama 30 za mafuta, pamoja na mashudu ya kulishia kuku. Kijiji chenye wakulima 50 wa kiasi hicho kingekuwa na lita 1,500, zilizokamuliwa palepale, kwa ajili ya wajane, wazee, na mama wanaoachisha watoto ziwa. Katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kijiko cha mafuta au cha ufuta uliotwangwa ndani ya uji ni jambo kubwa. Hesabu ile iliyofanya ukamuaji uonekane hasara haiingii hapa, kwa sababu zaka haishindani na mawese kwa bei. Imekwisha toka sokoni.

Matatizo ya utekelezaji ni ya kweli. Mzigo wote unapita katika ghala la chama cha msingi, kwa hiyo fungu hilo lingelazimika kutengwa kabla ya kupelekwa, au chama kikubali kulipima na kulirudisha. Vyama vina wanachama Waislamu na Wakristo, na hakuna chama chenye ruhusa ya kukata zaka ya mtu kama kinavyokata ushuru. Ingekuwa hiari, kupitia misikiti, na makanisa yangeweza kufanya vivyo hivyo na mabakuli ya sherehe ya mavuno. Mashine moja ya kukamua ingehitaji mwenye kuitunza mwaka mzima, wakati ufuta unakuja kwa miezi miwili, na mtu huyo angelazimika kukamua alizeti na karanga miezi mingine ili alipwe. Naliendele wana watafiti wa ufuta na karanga. Mbegu za msimu ujao zitapandwa Januari na Februari, wakati uleule ambao wenye fedha za chomachoma wanaanza kupita vijijini, na huo ndio wakati wa masheikh na wachungaji kupita pia.